Mdaiwa wa Kesi ya Stoo

Siku hizo vifungo vilitumikiwa nyumbani, na sheria ilimtaka ndugu wa karibu awe askari magereza. Mwanahawa akamfungia mumewe, Kibwana, katika stoo isiyo na dirisha, mbele ya kamera ya magereza iliyofungwa mlangoni. Joto lilimwangusha Kibwana mara mbili, akaamua kudai haki zake mahakamani.

Hati ya wito ilipofika, Mwanahawa aliisomea mlangoni pa stoo.

“Umenishtaki, Baba Saumu?”

“Nimeishtaki serikali, Mama Saumu. Nilitaka dirisha tu.”

“Hapa wameandika mdaiwa ni askari wa gereza hili. Ndiye mimi.”

Kibwana aliomba kuifuta kesi. Mahakama ikakataa.

Baada ya wiki mbili hukumu ilitoka. Kibwana alishinda, na mafundi wakaja kutoboa dirisha. Mwanahawa alipatikana na hatia ya kumtesa mfungwa, akapewa miezi minane. Aliingia stoo amekumbatia mto wake. Kibwana akasogea kumpisha kwenye godoro, lakini yeye akakaa sakafuni, akampa mgongo.

Binti yao, Saumu, alisimama mlangoni na ufunguo.

“Mama, nifunge?”

“Funga, mwanangu. Kamera inakuona.”