Mikono Minane ya Merikani

Mpagazi yule alikata roho asubuhi kando ya ukuta wa misheni, msafara wake ukiwa umeshaingia mjini Bagamoyo bila yeye. Hakuna aliyelijua jina lake.

Gertruda, mmoja wa Wakristo wa pale misheni, alikuja na mtungi wa maji. Alipiga magoti akaanza kumwosha, kwanza miguu yenye visigino vilivyopasuka, kisha mikono. Alipofika begani alisita. Palikuwa na sugu nene, pale mzigo wa pembe za ndovu ulipokaa miezi mingi. Mumewe naye alikuwa na sugu kama ile, bega lile lile.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu wapagazi aliosafiri nao mumewe warudi wakamwambia, "Tulimwacha Ugogo, dada. Alikuwa bado anahema."

Kwa neno hilo moja, "bado", Gertruda alikuwa ameweka sandukuni mikono minane ya nguo nyeupe ya merikani, amshonee kanzu siku atakayorudi.

Aliinuka, akaenda nyumbani, akarudi nayo.

"Shoga, hiyo si ya mumeo?" jirani yake aliuliza kwa sauti ya chini. "Huyu humjui. Wala hakubatizwa."

"Na aliyemkuta wangu kule njiani, alimjua?"

Jirani alishika pindo la pili, wakaikunjua pamoja.

Gertruda alimfunika yule mtu miguu, kifua, na mabega yote mawili. Kabla ya kumfunika uso, alimwinamia sikioni.

"Pole kwa safari, mume wangu."