Mihogo ya Usiku Mmoja

Sylivia ndiye aliyewasha moto, na Sylivia huyo huyo ndiye aliyekuwa akiomba kimoyomoyo uzimike.

Haukuzimika. Afande Fred, aliyewahi kuwa mpishi jeshini na sasa akiwafundisha vijana wa kanisa kupika nje, alikuwa amewaonyesha namna ya kupanga mafiga matatu upepo usiyapige. Na kuni za Kyarumba siku hiyo zilikuwa kavu ajabu. Maji yakaanza kutokota.

"Wewe Sylivia! Kuni moja moja! Haraka haraka haina baraka. Sufuria haiko na miguu, haitatoroka!" afande akapaza sauti.

Wenzake wakacheka. Naye akacheka, akachomoa kuni moja.

Kosa lilikuwa dogo, ndivyo alivyojidanganya wiki nzima. Kila mmoja alipewa kazi, na yeye alipewa mihogo ya shamba la kanisa, ile michungu. Aimenye, ailoweke kijitoni siku tatu mpaka ilainike kabisa, aianike, kisha aipeleke mashineni. Siku tatu! Na huko Bwera binamu yake anaolewa, ngoma inamngoja, kichwa hakijasukwa. Basi akailoweka usiku mmoja tu. Ilikuwa bado migumu. Akaikatakata kwa kisu, akaianika juu ya mwamba, huyo, akaenda zake. Alicheza harusi ile mpaka akavua viatu.

Unga ulitoka mweupe, mzuri wa kutazama. Lakini haukuwa na ile harufu ya uchachu hata kidogo, na hapo ndipo moyo ulipoanza kumdunda. Mtoto gani wa milimani asiyejua kwamba mihogo michungu isiyolowekwa vizuri inaua? Jirani wa bibi yake alizika watoto wawili siku moja kwa mihogo hiyo.

Na bado asubuhi hiyo akaubeba ule mfuko. Angesema nini? Kwamba watu ishirini watakosa chakula kwa sababu yeye alikuwa anacheza harusi? Mlangoni mdogo wake, Bwambale, wa miaka minne, alimng'ang'ania sketi kwa sababu amesikia kuna kupika.

"Utaniletea bundu?"

"Nitakuletea," alisema, akijua hatamletea hata tonge moja la ugali ule wa muhogo. Wa kwao hawatagusa unga ule, Mungu apishe mbali. Lakini wenzake je? Aliona aibu kwa wazo hilo, akamkabidhi afande mfuko, akashuka kuteka maji mbio mbio kama aliyeiba.

Aliporudi, mwenzake Immy alikuwa anachagua maharage.

"Mama yako alipita hapa," akasema. "Aliongea na afande pale kando."

"Waliongea nini?"

"Mimi najua? Mama yako alikuwa karibu kulia."

Sylivia akatua dumu la maji. Basi yamekwisha, aliwaza. Mama anaijua safari ya Bwera, anazijua siku, hata kuhesabu anajua. Ameshasema. Tangu hapo kila afande alipomtazama, aliinamisha kichwa. Mara moja afande alimtazama akatabasamu. Tabasamu la nini sasa? Heri angemgombeza.

Ng'ambo ya bonde, juu ya paa la kwao, moshi ukaanza kupanda. Hilo lilimfariji kidogo. Jana usiku nyumbani walilalia chai kavu, kahawa bado haijauzwa. Angalau leo mama amepata cha kuweka jikoni.

Afande akaita, "Unga!"

Sylivia akageuza uso. Hakuwa na macho ya kutazama. Alisikia tu Kosiya, aliyekuwa na mikono ya nguvu kuliko wote, akihema juu ya mwiko, na afande akimpigia kelele: "Songa! Songa! Unabembeleza mtoto?" Aseme, mdomo ukagoma. Aseme tena, ukagoma tena. Aliapa atasema maharage yakiiva. Yakaiva, yakatiwa chumvi ya Katwe, akaapa atasema watu wakinawa. Wakanawa. Akaapa atasema baada ya sala, na kwenye sala yenyewe alilia, wenzake wakadhani ameguswa na Roho.

"Amina," wakasema wote.

Immy akakata tonge la kwanza, akalichovya kwenye mchuzi, akalipeleka mdomoni.

"Msile!"

Alimpiga mkono, tonge likaruka. Akaisukuma sufuria kwa mguu, bundu yote ikabiringika vumbini. Akapiga magoti hapo hapo, akasema yote: kijito, usiku mmoja, kisu, Bwera, ngoma. "Ningewaua," alilia. "Ningewaua nyote kwa sababu ya kucheza. Nisameheni!"

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Immy alikuwa anafuta vidole vyake kwenye majani, kimoja kimoja. Afande akamshika bega.

"Nyamaza, mtoto. Hakuna mtu amekufa. Hii umemwaga haikuwa unga yako. Kina Kosiya walileta beseni mzima, nikaona inatosha sisi wote."

Sylivia akainua uso. Alihisi mzigo wa wiki nzima ukimtoka mgongoni, akataka kucheka na kulia pamoja.

"Na wangu je, afande?"

"Ile nilimpa mama yako asubuhi. Alisema watoto walilala njaa. Nikamwambia, mama, hii ni kazi ya mkono ya binti yako, pokea tu. Alifurahi mpaka..."

Mwiko ukamponyoka afande.

Sylivia alikuwa ameshageuka kutazama ng'ambo ya bonde. Juu ya paa la kwao hapakuwa na moshi tena.