Herufi Moja ya Moyo

Mwanasiti alipanga kwenye kompyuta jeni ileile ya moyo kutoka kwa samaki, chura, kuku, mbuzi na nyani. Mahali pamoja, herufi ya msimbo wa jeni hiyo haikuwa imebadilika kwa yeyote, kwa mamilioni ya miaka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa binadamu, na damu aliyoitumia ilikuwa yake mwenyewe. Hapo herufi ilikuwa nyingine.

"Umechanganya vichupa, shoga," Zawena, mwenzake wa maabara, alimtania. "Au wewe si mwenzetu."

"Nimerudia mara tatu. Mama alianguka ghafla akiwa na umri wangu huu. Hakuinuka."

Zawena aliacha kucheka. "Twende kwa daktari sasa hivi."

Alimnyooshea mkono. Mwanasiti aliushika, lakini hakuthubutu kusimama. Alilisikiliza kila pigo la moyo wake, akingoja linalofuata.