Sauti Chini ya Kilima

Kilima kiliporomoka na kuyafukia mashimo ya wanyama wadogo, watoto wao wakiwa ndani. Wazazi waliobaki wakaunda kikundi cha kufarijiana, na Pimbi, mwenye maneno matamu, akawa kiongozi. Yeye naye alikuwa amempoteza mwanawe.

Kila walipokutana juu ya kifusi, kitu kilikwaruza chini ya miguu yao, kisha sauti nyembamba zikaita.

"Ni marehemu wanatuaga," Pimbi alisema. "Tuwaimbie wapumzike."

Wakaimba kwa nguvu mpaka sauti zile zikafunikwa.

Mama Nguchiro hakuweza kuimba. "Ndugu kiongozi, tumwite Muhanga. Yeye anajua kuchimba."

"Muhanga hakufiwa, mama. Msiba huu ni wetu. Mgeni atatuvuruga tu."

Nguchiro alimtii kwa siku kadhaa. Mwishowe alishindwa kuvumilia, akaenda kumleta Muhanga. Mgeni huyo hakutoa hata pole. Alilaza sikio chini, akasikiliza, akaanza kuchimba.

Akatoka mtoto wa Nguchiro, amekonda, macho yamejaa vumbi, na wenzake nyuma yake. Walikuwa wameishi kwa kulamba maji kwenye mizizi.

"Mama," akauliza, "kwa nini kila tulipoita mliimba?"

Nguchiro akamfuta vumbi machoni. Pimbi akachungulia shimoni. "Na mwanangu?"

"Yeye ndiye aliyekuwa akiita kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Alinyamaza jana."

Pimbi akamgeukia Muhanga ili amwombe amtafute. Muhanga alikuwa ameshaingia tena shimoni.