Chomoa Waya

Fundi Zuberi alisukuma karatasi ya makabidhiano mbele ya Sista Sikudhani. Sista angesaini, daftari la wajawazito lingeondolewa kliniki siku hiyohiyo, na kundi la damu la kila mama lingebaki ndani ya mashine pekee, kompyuta mpya iliyokuwa mezani.

"Ina kasi, Sista. Kila kitu kinakaa kwenye kumbukumbu ya haraka, si kwenye diski."

"Na kumbukumbu ikijaa?"

"Nimeitengea nafasi kwenye diski. Taarifa zinazozidi zinahamia huko. Tulia."

Sista hakutulia. Fundi alikuwa amejibu haraka mno, kama muuza maziwa anayeulizwa habari za maji.

"Huko kwenye diski zinahifadhiwa, au zinajishikiza tu mpaka umeme ukatike?"

Zuberi akacheka. "Makubwa! Ndiyo masomo yako ya kompyuta ya jioni hayo?"

"Ndiyo hayohayo, kaka yangu. Umeme ukirudi, mashine itazisoma tena?"

"Itazisoma."

"Basi chomoa waya."

Kicheko kikakatika. Nje, akina mama waliosajiliwa kwenye mashine hiyo tangu asubuhi walikuwa bado wamekaa kwenye mabenchi, mmoja akijipepea kwa ncha ya kanga.

"Ningeweza kuiamuru iandike kila taarifa kwenye diski papo hapo," Zuberi alisema polepole. "Lakini itakuwa nzito."

"Tutaisubiri. Kwanza chomoa, nione."

Fundi akainama chini ya meza, akaishika plagi. Mkono wake ukabaki pale, haujavuta wala haujaachia.