Zamu ya Nje

Baridi ilipoingia, nyuki wa mzinga mmoja nyuma ya nyumba walijikusanya juu ya asali yao. Walikubaliana kupeana zamu: anayeganda nje aingie katikati apate joto, na wa katikati atoke.

Siku ya kwanza Bi Sikudhani alikaa nje. Zamu yake ilipokwisha, Mwanne akamwita kutoka katikati, "Dada, ingia nikupokee."

"Kaa tu, mdogo wangu. Mimi sijachoka."

Kesho yake alijibu hivyohivyo. Siku ya tano Mwanne hakuuliza tena. Wenzake walikula, wakataniana, wakalala. Bi Sikudhani alivisikia vicheko vyao kwa karibu, ila hakuna aliyemweleza kilichochekesha.

Wiki ya tatu miguu yake ikaanza kuachia. Alijua akianguka hatapanda tena.

"Mwanne, nipokee. Nimechoka."

"Nani huyo?"

"Mimi, Sikudhani. Niko nyuma yako."

"Nyuma yangu kuna ukuta. Tena ukuta mzuri, haupitishi upepo."

"Ndiyo mimi huyo."

Mwanne aligeuka, akamwona, akaona aibu. Akamvuta ndani, akatoka kushika nafasi yake, na upepo ukampiga.

"Dada! Baridi yote hii, mbona hukusema?"

Bi Sikudhani alikuwa anakula. Joto la katikati lilikuwa zuri kama alivyolikumbuka. Nyuki wawili wakamsogelea, wakamwamkia, kisha wakamwuliza kwa adabu ametoka mzinga gani.