Mama Nguchiro Ajibu kwa Niaba ya Bintiye

Msimu ule wa kuwatafutia watoto vyuo, Mama Nguchiro hakulala wala hakukaa. Bintiye, Sikitu, alitaka kusomea uchimbaji wa mashimo kwa fundi Mhanga. Mama akamkokota hadi chuo cha kupigana na nyoka, maana watoto wa majirani wote walikuwa huko.

Mwalimu Nyegere akamuuliza Sikitu, "Binti, kwa nini umechagua chuo chetu?"

"Tunapenda nyoka tangu utotoni, mwalimu," akadakia mama.

"Una kipaji gani?"

"Wepesi! Tumeurithi kwa babu."

Sikitu akamvuta mama mkia.

Nyegere, asiyependa maneno mengi, akafunua kapu. Nyoka aina ya swila akainua kichwa.

"Aliyejibu maswali ndiye atakayefanya mtihani wa vitendo. Haya, sogea, mama."

Mama Nguchiro akarudi nyuma mpaka akamkanyaga bintiye mkia. "Mimi? Jamani mwalimu, mimi nyoka nawaogopa tangu nizaliwe!"

"Hata mimi, mama," Sikitu akasema. "Nimetaka kukwambia tangu asubuhi."

Nyegere akafunika kapu. Mama akamtazama bintiye kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyo Mhanga, wanafunzi anapokea lini?"